Karatasi Iliyomwachisha Mama Dawa

Nilikuwa natafuta iliki. Kabati la mama lina mpangilio wake, ukisogeza kopo lazima ulirudishe lilipokuwa, kwa hiyo nilikuwa nasogeza taratibu. Nyuma ya birika kubwa la wageni nikakuta boksi la dawa ya presha. Mimi ndiye niliyelinunua. Vidonge 30, kimoja kila asubuhi, na wiki ya tano ilikuwa imeshaingia. Nikafungua.

Vilikuwa vimebaki 22.

Nikatoka nalo uani. Mama alikuwa anachambua kunde kwenye ungo.

"Mama, dawa vipi tena?"

Hakunificha. "Nimeziacha."

"Daktari kakuachisha?"

"Hajaniachisha mtu. Nimeachishwa na karatasi."

Hiyo ilikuwa Tanga, siku chache baada ya Idi. Nimerudi Dar es Salaam, wiki zimepita, na jibu lile halijanitoka.

## Kilichosomwa

Wiki ile ya kwanza miguu ilianza kumvimba, jioni ndara zinambana. Akamwita mjukuu wake, mtoto wa dada yangu anayeishi naye, yuko kidato cha pili. "Hebu babu nisomee, humu wanasemaje kuhusu miguu." Karatasi ya maelezo, ile inayokaa ndani ya boksi la dawa, ni ya Kiingereza, herufi kama mchanga. Mtoto akatafuta penye orodha, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akaanza kutafsiri kwa sauti. Neno asilolijua analitafuta kwenye simu.

Kichwa kuuma. Kizunguzungu. Miguu kuvimba. Moyo kwenda mbio. Kukosa usingizi. Kutetemeka. Nywele kunyonyoka. Macho kuona ukungu. Ini kuvimba.

Mshtuko wa moyo.

"Hapo nikamwambia, basi babu, inatosha," mama alisema. Kisha akanigeukia. "Dawa ya presha, nimeze nisipate ugonjwa wa moyo, nayo inaleta mshtuko wa moyo. Ungekuwa wewe ungemeza?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilisema kile tunachosema wote, kwamba daktari anajua zaidi, na papo hapo nikaona usoni kwake kwamba sijasema kitu.

Usiku nikaisoma mwenyewe. Ukiikunjua inafunika meza ndogo ya kahawa. Nilitafuta sehemu moja tu: dawa hii itamfanyia mama nini chema? Nikaipata karibu kabisa na juu. Sentensi moja, kwamba amlodipini, dawa hiyo ya mama, hutumika kutibu shinikizo la damu na aina fulani ya maumivu ya kifua. Basi. Haikusema kutibu presha kunamkinga mtu na nini. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba dawa ile inapunguza kiharusi, achilia mbali inapunguza kwa kiasi gani.

Madhara niliyahesabu. Nilipofika arobaini nikaacha.

Mshtuko wa moyo umo, kweli. Umo chini ya kichwa kinachosema "nadra sana", maana yake chini ya mtu 1 kati ya 10,000. Mtoto hakukisoma kile kichwa. Bibi yake aliuliza dawa inafanya nini, yeye akasoma yaliyoandikwa kuwa inafanya. Simlaumu hata chembe. Ukimpa mtu mizani yenye sahani moja, itaelemea upande huohuo siku zote.

## Maudhi na madhara

Kwenye kliniki zetu wahudumu wana neno ambalo nadhani ni la busara kuliko lolote nililoliona kwenye karatasi ile. Wanasema *maudhi madogomadogo*. Kinamama wa uzazi wa mpango wanalijua sana. Maudhi ni kero: inakusumbua, inakukasirisha, lakini haikuui. Madhara ni jambo lingine, madhara yanakuharibu.

Kwenye karatasi vyote vimeitwa jina moja na kupangwa kwa jinsi vinavyotokea mara nyingi, si kwa uzito wake. Kinywa kukauka na ini kuvimba vimo kwenye orodha moja.

Na hata yale maneno ya wingi, "kawaida", "nadra", hayana kipimo ndani ya kichwa cha msomaji. Ulaya wameyawekea mipaka rasmi: "kawaida" ni hadi mtu 1 kati ya 10, "si kawaida" hadi 1 kati ya 100, na kuendelea. Lakini msomaji hajui mipaka hiyo. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza, Peter Knapp na wenzake, waliwauliza watu wanaotumia statini, dawa za kushusha lehemu, wakadirie uwezekano wa kufunga choo kwa sababu ya dawa hizo. Walioambiwa kwa neno "kawaida" walikadiria kwa wastani asilimia 34. Walioambiwa kwa namba walikadiria asilimia 8. Dawa ni ileile, tumbo ni lilelile. Kilichotofautiana ni neno na tarakimu.

Sasa chukua neno hilo la Kiingereza, lipitishe kwenye kamusi ya simu, kisha kwenye sauti ya mtoto wa miaka kumi na tano anayemwogopea bibi yake.

## Usiku wa 850

Nikaamua kuitafuta ile sahani ya pili ya mizani, yaani faida ya dawa. Nilidhani itakuwa kazi ya dakika kumi.

Kitu cha kwanza kilichonijia ni utafiti mkubwa wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliochapishwa mwaka 1985. Watu 17,354 wenye presha isiyo kali. Wengine wakapewa dawa, wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Waliopata kiharusi kwenye kundi la dawa walikuwa 60, kwenye kundi lingine 109. Nikafurahi. Karibu nusu! Nikaanza kuandika ujumbe wa kumtumia dada: mwambie mama dawa inapunguza kiharusi karibu nusu.

Kisha nikasoma mstari uliofuata. Watafiti wenyewe waliandika kwamba ukiwatibu watu 850 wa namna hiyo kwa mwaka mmoja, utazuia kiharusi kimoja hivi.

Nikaufuta ujumbe.

Mmoja kati ya 850. Watu 849 wanameza mwaka mzima, wanavimba miguu, wananunua boksi kila mwezi, na mwaka ukiisha hakuna walichokiepuka. Wengi wao hawangepata kiharusi mwaka ule hata wasingemeza. Wachache walimeza na kikawapata. Na namba zote mbili ni za kweli, zimetoka kwenye hesabu moja! Ukisema "karibu nusu" mtu anakimbilia dawa. Ukisema "mmoja kati ya 850" anarudisha boksi nyuma ya birika.

Hapo niliona aibu kubwa, kwa sababu nilikuwa karibu kumtumia mama ile inayonifaa mimi. Nilitaka ameze. Nilikuwa nachagua namba kama muuzaji anavyochagua upande wa nyanya wa kuuonyesha.

Na nilijiuliza, labda walioandika karatasi walikaa mahali hapahapa wakaona heri kunyamaza.

## Kwa nini karatasi hainyamazi kuhusu mabaya

Nina rafiki daktari, nilimpigia kesho yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo bado linanipa taabu: "Dada, nina wagonjwa sitini leo. Nikianza kuwaambia mmoja kati ya mia kadhaa, nusu wataacha dawa, na kati ya hao walioacha, watakaoletwa na kiharusi nitawapokea mimi."

Siwezi kulipuuza hilo. Yeye ndiye anayewapokea.

Lakini nilimuuliza, na wale wanaoacha kwa sababu ya karatasi? Akakaa kimya kidogo. "Hao wapo," akasema. "Hao hawatuambii."

Sheria nayo ina mkono wake. Ulaya, ambako mtindo wa karatasi hizi umechukuliwa na wengi, agizo la mwaka 1992 lililazimisha kila dawa iwe na karatasi ya mgonjwa na likapanga nini kiandikwe na kwa utaratibu gani. Agizo la mwaka 2001 lililolifuata linaruhusu maelezo yenye manufaa kwa mgonjwa, ila linakataza chochote chenye sura ya tangazo. Naielewa nia yake. Kiwanda kikiachiwa kisifu dawa yake ndani ya boksi, kitasifu mpaka boksi lijae. Lakini matokeo ndiyo haya: mabaya yanaandikwa yote kwa sababu kuyaacha ni hatari kwa kiwanda, na mazuri yanaandikwa sentensi moja kwa sababu kuyaeleza kunafanana na kujisifu.

Hakuna aliyeazimia kumtisha mama. Ila hakuna aliyepewa kazi ya kumwambia kwa nini ameze.

Walikuwapo waliojaribu. Marekani, Lisa Schwartz na Steven Woloshin, mke na mume, wote madaktari, walitengeneza kisanduku cha ukurasa mmoja: upande huu waliomeza dawa, upande huu wasiomeza, kila tokeo na namba yake, mema na mabaya pamoja. Mfano wao mmoja ulikuwa wa dawa ya usingizi iitwayo Lunesta. Waliomeza walisinzia dakika 15 mapema zaidi ya wasiomeza, na wakalala dakika 37 zaidi. Hivyo tu, na mtu unajua mara moja kama dakika 37 zinakutosha.

Utafiti wao wa mwaka 2009 ulilinganisha kisanduku hicho na matangazo ya kawaida ya dawa. Waliopewa kisanduku, asilimia 68 walichagua dawa ya kiungulia iliyo bora zaidi kati ya mbili. Wengine, asilimia 31. Watu wa kawaida waliweza kusoma namba na kuzitumia. Kamati ya washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani ilikiunga mkono mwaka huohuo. Mamlaka yenyewe haikukifanya sharti. Schwartz alifariki mwaka 2018.

Mtu akiniambia wagonjwa hawataelewa namba, huwa nafikiria masoko yetu. Mama anajua bei ya kilo ya kunde miezi sita nyuma, na anajua ni nani kwenye kikoba chao amechelewesha mchango mara ngapi.

## Mama si yule wa 1985

Nilirudi kwenye utafiti ule wa 850 nikausoma polepole. Watu wake walikuwa na miaka 35 hadi 64. Namba ya chini ya presha yao ilikuwa kati ya 90 na 109. Mama ana miaka 68, na kwenye kadi yake ya kliniki imeandikwa 174 juu, 82 chini.

Si yeye. Hata kidogo.

Nilikuwa nimeisoma namba ya watu wengine nikaogopa kwa niaba yake, na tofauti na alivyofanya yeye siioni. Faida ya dawa haikai ndani ya kidonge peke yake. Inategemea hatari uliyonayo kabla hujameza. Mwenye hatari ndogo anapunguziwa kidogo, mwenye hatari kubwa anapunguziwa kikubwa, na kidonge ni kilekile. Nadhani hii ndiyo sababu ya haki kuliko zote ya karatasi kukosa namba moja. Ingeandika ya nani?

Lakini watu wa aina ya mama walishachunguzwa. Mwaka 1991 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao SHEP: watu 4,736 wenye miaka 60 na zaidi, namba ya juu ya presha kuanzia 160, ya chini haifiki 90. Kama vile waliiona kadi yake. Katika miaka mitano, kwenye kundi lisilopewa dawa waliopata kiharusi ni 8 hivi kati ya kila 100. Kwenye kundi la dawa, 5 hivi kati ya kila 100.

Dawa waliyoanza nayo ilikuwa ya kukojoza, si amlodipini. Hilo nalo nililifuatilia, na utafiti mwingine mkubwa wa mwaka 2002, ALLHAT, wa watu zaidi ya 33,000, uliziweka dawa hizo mbili bega kwa bega. Kwenye kiharusi hazikuachana kwa tofauti ya maana.

Nane na tano. Nilikuwa na kitu cha kumpelekea.

## Ungo

Nilipanda basi la Ijumaa. Jumamosi asubuhi, baada ya shikamoo na chai, nikamwomba mama ungo na kunde. Mjukuu wake akaja kukaa nasi. Tukahesabu kunde 100, yeye akiziweka kumi kumi.

Nikamwambia, hawa ni watu 100, umri kama wako, presha kama yako. Hakuna anayemeza dawa. Miaka mitano ikipita, kiharusi kinawapata hawa. Nikasogeza kunde nane pembeni.

Akaziangalia. "Na waliobaki?"

"Hakijawapata."

"Bila dawa?"

"Bila dawa."

Hapa moyo ulinidunda. Hapa ndipo daktari rafiki yangu alipokuwa anaogopa. Mama alikaa kimya, kidole kikizungukazunguka juu ya zile 92. Kisha nikazirudisha zote, nikasema, sasa hawa ni watu 100 wengine, wote wanameza. Nikasogeza tano.

"Watatu wamepona," mjukuu akasema.

"Watatu hakijawapata," mama akamrekebisha. Lakini macho yake hayakuwa kwa wale watatu. Alizigusa zile tano. "Hawa wanameza dawa kila siku?"

"Ndiyo mama."

"Na wameanguka vilevile."

"Ndiyo."

Akanyamaza kwa muda mrefu. Nilidhani nimempoteza. Kisha akataja jirani wa nyumba ya tatu, mzee aliyepooza mwaka juzi huku akitumia dawa za presha kila siku bila kukosa. Mtaa mzima ulisema ni dawa zilizommaliza. Mama naye aliamini hivyo. Ndiyo maana karatasi ilipozungumzia mshtuko wa moyo haikumshangaza. Ilithibitisha jambo alilokuwa nalo moyoni tangu siku ya maziko ya yule mzee.

Sikuwahi kulijua hilo. Nilikuwa nimekuja kupambana na karatasi, kumbe kulikuwa na mtu.

"Kwa hiyo yeye," mama akasema, akiiokota kunde moja kati ya tano, "alikuwa huyu."

Sikuweza kumwambia ndiyo kwa uhakika. Nilimwambia inawezekana. Nikamwambia pia kwamba hakuna anayeweza kujua mapema nani atakuwa kwenye wale watatu na nani kwenye tano, na kwamba wengi kati ya mia wanameza kwa ajili ya jambo ambalo lisingewapata. Nilimwambia na ile ya miguu: dawa hii huvimbisha miguu kweli, ni jambo linalojulikana, na mara nyingi linarekebishika. Lilikuwa kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, limefunikwa na mengine arobaini.

"Mbona hukuniambia hivi siku ulipoleta boksi?"

Kwa sababu sikujua, mama. Nilikuletea nikakwambia umeze.

Jumatatu tulikwenda kliniki pamoja. Presha ilikuwa 178 juu. Alimwambia daktari mwenyewe kwamba aliacha, na kwa nini, na daktari akamsikiliza, akapunguza amlodipini kutoka miligramu 10 hadi 5 na kumwongezea dawa ya aina nyingine. Miguu imepungua. Ndara zinaingia.

Mtoto alichukua kalamu ya wino mzito, na juu ya boksi jipya, upande usio na maandishi, akaandika kwa herufi kubwa ambazo bibi yake anaziona bila miwani:

WASIOMEZA: 8 KATI YA 100. WANAOMEZA: 5 KATI YA 100. MIAKA 5.

Chini yake, kwa amri ya bibi, akaongeza: MIGUU IKIVIMBA, MWAMBIE DAKTARI.

Wiki iliyopita mama alinipigia. Boksi limekwisha, amenunua lingine, na shoga yake wa kikoba naye ana presha, amelala kwake siku mbili na ameliona lile la zamani kabatini. Anauliza kama mjukuu anaweza kumwandikia na yeye. Lakini shoga yake ana miaka 51, na mama anataka kujua kwanza: namba zake ni hizihizi, au ni nyingine?

Nimemwambia ni nyingine. Nazitafuta.